Nani Humpigia Mama Mlango?

Kanisani kwetu kila mtu ana mahali pake pa kukaa, na ole wako ukalie pa mwenzako. Hakuna palipoandikwa jina, lakini mgeni akijisahau akakaa benchi la pili upande wa dirisha, mstaafu wa posta atamsimamia kichwani na kukohoakohoa mpaka mgeni aelewe. Mimi nakaa benchi la nne, katikati ya muuza viatu na mama mkwe wangu. Sikuchagua. Nilipoolewa nilikuta nafasi inanisubiri, mama mkwe akaipigapiga kwa kiganja na kuniambia, "Kaa hapa nikuone." Ananiona mpaka leo.

Mtu mmoja tu hakuwa na mahali, naye ni Mama Mlango.

Siku za kazi alikuwa dobi. Chumba chake cha mbele kilikuwa cha kazi, cha nyuma cha kulala, katikati pazia. Mbele palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili za mkaa, moja ikifanya kazi na nyingine ikipata moto, ndoo ya wanga, na kamba zilizovuka kutoka ukuta hadi ukuta zikining'iniza mashati ya watu wa ofisini. Kila shati alilitia uzi wa rangi yake ndani ya kola asije akampa mtu nguo ya mwenzake. Ukimpelekea shati lisilo na kifungo, ulirudishiwa likiwa na kifungo na maneno juu yake. Mumewe alikwisha kutangulia, na binti yake wa pekee ameolewa mbali, safari ya siku nzima.

Jumapili alisimama mlangoni mwa kanisa, tangu wa kwanza kuingia mpaka wa mwisho kutoka. Hata mahubiri aliyasikiliza amesimama, mgongo kwenye mwimo. Alikupa mkono, mkono mkavu wenye joto la pasi, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye kola yako. "Umekuja kumwona Mungu na kola hii?" Alikunyoosha, akakugeuza, akakupa ruhusa kwa kukusukuma begani. Wanaume wenye vyeo vyao walisimama pale kama watoto wanaovalishwa kwenda shule, na hakuna aliyethubutu kupita bila kukaguliwa.

Aliyepata taabu kuliko wote ni mwoka mikate. Huyu kazi yake huanza watu wakienda kulala, na Jumapili alitokea kiwandani akaja kanisani moja kwa moja, nyusi nyeupe kwa unga. Tulimwita Bwana Amina, kwa sababu siku zote aliingia watu wanaposema amina. Mama Mlango alimzuia kwa mkono mmoja na kumpangusa unga mabegani kwa mwingine.

"Umechelewa."

"Nimechelewa, mama."

"Hata siku ya kiama utachelewa."

"Afadhali, mama. Nitakuta foleni imepungua."

Benchi la mwisho lilicheka, mchungaji akajifanya hakusikia, na Bwana Amina akaketi mwisho kabisa wa benchi hilo, hatua mbili kutoka mlangoni. Ilikuwa hivyo kila Jumapili, na mtu angedhani itakuwa hivyo milele.

Kisha ugonjwa ukaja, na kanisa likafungwa. Mchungaji alifunga kufuli mwenyewe, akasimama pale mbele ya mlango kama mtu aliyesahau alichokuwa anataka kufanya. Jumapili ya kwanza alijaribu ibada ya mtandaoni. Binti yake alimwekea simu juu ya rundo la vitabu, na wale wachache wenye simu kubwa wakabahatika kuona. Mama mkwe wangu aliomba kutazama kwenye simu ya mume wangu, kisha akairudisha. "Nimeiona pua ya mchungaji vizuri sana," alisema. "Neno la Mungu sijalisikia." Na wengi wetu, wenye simu ndogo za kubonyeza, hata hiyo pua hatukuipata.

Keshoyake Mama Mlango alikwenda nyumbani kwa mchungaji, amevaa barakoa aliyoishona kwa kipande cha shuka, akasimama nje ya uzio.

"Mchungaji, watu wako wamezoea benchi. Waache wakae kwenye benchi."

"Mama, kanisa limefungwa."

"Benchi za mbao zimefungwa. Watu hawajafungwa."

Akamweleza. Mchungaji atampigia simu mtu wa kwanza wa benchi la kwanza, yule nesi mstaafu, ampe mstari mmoja wa Neno. Nesi atampigia anayekaa kulia kwake, naye wa kulia kwake, mpaka mwisho wa benchi. Wa mwisho atampigia wa kwanza wa benchi la nyuma. Asiye na salio abipu, apigiwe. Na hakuna kutuma ujumbe wa maandishi: lazima usikie sauti ya mwenzako, umuulize ameamkaje, na usikate mpaka ajibu ukweli. Binti wa mchungaji anasema Mama Mlango alifumba macho pale nje, akanyoosha kidole hewani na kutupanga mmoja mmoja, benchi baada ya benchi, bila kumkosa mtu. Alifika mpaka kwa Bwana Amina. "Huyu ndiye wa mwisho. Akishapata, akupigie wewe aseme limefika. Hapo utajua kanisa lako zima liko hai."

Mchungaji alikubali siku hiyohiyo. Jambo lile halikuwa na jina, lakini halikumaliza wiki bila kupata. Tuliliita Benchi. "Benchi limepita kwako?" "Limepita, limenikuta naosha vyombo."

Sasa fikiria mimi. Anayekaa kulia kwangu ni mama mkwe, na mama mkwe anaishi nyumbani kwangu. Siku ya kwanza nilitoka jikoni, nikachungulia sebuleni na kumpa ule mstari kwa mdomo. Alinitazama mpaka nikajuta.

"Sheria ni sheria," alisema. "Nipigie."

Nikarudi jikoni, nikampigia. Namwona kupitia mlangoni, ananiona, na simu ikaita mapajani mwake. Akaitazama, akairekebisha miwani, akapokea. "Haloo? Nani mwenzangu?"

Nilitaka kulia kwa hasira na kucheka kwa pamoja. Lakini nilimwuliza, kama tulivyoagizwa, "Mama, umeamkaje?" Akairekebisha tena miwani. Kisha, akiwa amegeuzia uso dirishani, aliniambia kwenye simu kwamba halali vizuri, kwamba anaogopa kufa bila kuzikwa na watu. Miaka yote tumekaa nyumba moja, hajawahi kuniambia anaogopa kitu chochote, hata panya. Tangu siku ile sikulalamika tena kumpigia simu mtu ninayemwona.

Na si mimi tu. Benchi liligundua nani hana chakula, nani amefukuzwa kazi, nani amegombana na mkewe na amehamia kochini. Muuza viatu, ambaye kanisani alinisalimia kwa kuinua nyusi tu, sasa alinipigia kila jioni akaniuliza hali kama kaka yangu wa tumbo moja. Na lilipokatika mahali, Mama Mlango alijua. Alimpigia mchungaji kuuliza kama limefika, na kama halijafika, alimsaka mzembe mmoja mmoja mpaka ampate. Mara nyingi mzembe alikuwa Bwana Amina, ambaye jioni ndiyo alfajiri yake. Alipata Neno akiwa usingizini, akasema "amina" akalala tena, na mchungaji akakaa anasubiri. Simu ya Mama Mlango ilimwamsha.

"Umechelewa."

"Nimechelewa, mama."

Usione vyaelea, vimeundwa. Sisi tulifurahia Benchi letu, tukalisifu, hata watu wa makanisa mengine wakaja kuuliza namna ya kulipanga. Ofisi zilikuwa zimefungwa, hakuna aliyevaa shati la kazi, na pasi za Mama Mlango zilipoa zote mbili. Hakuna mteja aliyepita. Lakini nani aliyeliwaza hilo? Kila mtu alikuwa amesikia sauti yake wiki hii au ile, akigombezwa. Kila mtu aliamini kwamba kama hajaongea naye leo, basi ameongea na mwenzake.

Ikafika wiki moja, Bwana Amina akachelewa kama kawaida yake. Alimpigia mchungaji asubuhi badala ya jioni, kisha akakaa akisubiri kusemwa. Hakusemwa. Alishukuru Mungu, akala, akalala. Siku ya pili akachelewa kwa makusudi. Kimya.

"Hapo nikajua kuna jambo," alituambia baadaye. "Maana Mungu anaweza kunisamehe. Yule mama, hapana."

Akampigia. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akampigia tena, vilevile. Ndipo alipompigia muuza mkaa, yule anayekaa kushoto kwake, anayempa Neno kila siku.

"Dada, nani humpigia Mama Mlango?"

"Si yule anayekaa karibu naye?"

"Nani anakaa karibu naye?"

Muuza mkaa akafikiri. "Yeye hakai," alisema. "Yeye husimama."

Swali hilo likaanza kurudi nyuma. Benchi halikuwahi kwenda kinyumenyume tangu lianze, lakini siku hiyo lilikwenda, kutoka benchi la mwisho kuelekea la kwanza, kila mtu akimpigia wa kushoto kwake: nani humpigia Mama Mlango? Mama mkwe wangu alipolipokea hakunipigia simu. Aliinuka na goti lake bovu, akaja mwenyewe mpaka mlangoni mwa jikoni. Akavunja sheria kwa mara ya kwanza.

"Nani humpigia Mama Mlango?"

Nikampigia muuza viatu. Likaenda hivyo mpaka kwa nesi, na nesi akampigia mchungaji, na mchungaji hakuwa na wa kumpigia. Wote tulipangwa, na aliyetupanga hakujipanga, wala hatukuona. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini kanisa zima la watu wenye macho! Nilikasirika siku ile kuliko nilivyowahi kukasirika, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia ambaye si mimi na jamaa zangu.

Bwana Amina hakusubiri jibu lifike. Alikuwa ameshapanda baiskeli. Alikuta mlango wa dobi umekomewa kwa ndani, akachungulia dirishani akaona kamba tupu na meza imekaa bila pasi. Akaita. Nyuma ya pazia mtu akakohoa, kikohozi kirefu kisicho na nguvu. Mwoka mikate ana mabega. Alisukuma mara moja, komeo likang'oka.

Alikuwa amekwisha kumpigia nesi, simu iko sikioni. "Umevaa barakoa? Vaa. Fungua madirisha yote. Mkalishe, asilale chali. Anakujua?"

"Mama, ni mimi."

Mama Mlango alifumbua macho, akafumba. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na nesi alipoambiwa hilo hakuuliza tena, akaita gari la wagonjwa kwa simu ya mumewe huku ya kwake ikiwa bado hewani. Bwana Amina alisimama barabarani mpaka gari lilipokuja na kuondoka, kisha akaenda kujifungia chumbani kwake kama alivyoagizwa. Siku hiyo Benchi lilipita bila mstari wowote. Tuliambizana tu: yuko hospitali, anapumua kwa mashine ya oksijeni, ombeni.

Wageni hawakuruhusiwa wodini. Muuguzi mmoja alimwambia mchungaji hali halisi: mgonjwa hali chakula, hajibu, ni kama ameshakata tamaa. "Kama mna la kumwambia, nipigieni jioni, nitamwekea simu sikioni. Lakini mtu mmoja tu."

Mtu mmoja! Mchungaji aliona ni kazi yake, na nani angebisha? Nesi mstaafu akabisha. "Mchungaji, samahani, wewe utamhubiria. Huyu mama hajakata tamaa kwa kukosa mahubiri. Benchi huishia kwa Bwana Amina. Liache liishie kwake." Mchungaji alikuna kidevu, akasema amina.

Basi tukaligeuza Benchi. Badala ya Neno moja kutoka kwa mchungaji, kila mtu aliongeza jambo moja la kwake, la kumwambia Mama Mlango, na kumpa wa kulia kwake pamoja na yote yaliyotangulia. Lilivyozidi kwenda nyuma lilizidi kuwa zito. Mimi lilinifikia ni mzigo tayari, na mama mkwe alinifanya nilirudie mara mbili. Mpaka lifike kwa Bwana Amina, maskini, alikuwa na kanisa zima mdomoni. Alikuwa akitembea chumbani huku na huku akilikariri, na bado alilichanganya. "Mama, muuza viatu anasema goti linamsumbua kwa baridi. Na yule bibi wa benchi la nne anasema amepokea viatu vizuri vya ngozi, uje uchague." Mama mkwe alipopata habari hiyo alichukia siku mbili.

Siku ya kwanza upande wa pili palisikika mashine tu. Siku ya pili hivyohivyo. Ikapita nyingine, na nyingine. Binti yake alifika kutoka mbali, akazuiwa getini, akawa analala kwa mchungaji. Muuguzi akamwambia mchungaji kwa sauti ya chini kwamba daktari haridhiki. Mchungaji hakutuficha, na sisi hatukuacha. Tuliongeza. Mtu aliyekuwa akisema sentensi moja akasema tatu. Mstaafu wa posta, mtu mkavu kama karatasi, alimwomba msamaha kwa siku aliyokataa kunyooshwa tai.

Kwa hiyo jioni moja Benchi lilikuwa zito mno hata likachelewa. Lilipomfikia Bwana Amina, saa ya kupiga ilikuwa imepita. Alipiga hivyohivyo. Muuguzi alilalamika kidogo, kisha akaenda, na Bwana Amina akasikia simu ikiwekwa penye sikio.

"Shikamoo, mama. Ni mimi. Leo nina mengi, nisikilize. Nesi anasema..."

Na chini ya sauti ya mashine, kwa pumzi ndogo iliyokwaruza, akasikia:

"Umechelewa."

Bwana Amina alikaa chini, sakafuni, hapohapo alipokuwa. Mwanamume yule mwenye mabega mapana alilia kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta. "Nimechelewa, mama," alisema. "Nimechelewa. Nisamehe." Na yote aliyokariri yakamtoka kichwani, hakukumbuka hata moja.

Alisahau utaratibu pia. Hakumpigia mchungaji, alimpigia yeyote. Sisi habari tulizipata kutoka pande zote mbili. Mama mkwe alipokea simu sebuleni, nikaona anasimama bila kushika kiti, akapiga kigelegele, kigelegele cha harusi, na kabla hajamaliza simu yangu ikaita na ndani yake kulikuwa na kigelegele kingine. Nilitoka nje. Nyumba ya tatu wanapiga, ng'ambo ya barabara wanapiga, na kwa mbali kwa muuza mkaa sufuria inagongwa. Watu wasio wa kanisa letu walitoka na barakoa zao wakauliza kuna nini. Nikawaambia kuna mtu ametugombeza.

Kanisa lilifunguliwa baadaye, ruhusa ilipotoka. Kila benchi lilichorwa alama za chaki ili tukae mbalimbali, na mikono haikushikwa. Bwana Amina aliomba kusimama mlangoni mpaka Mama Mlango, aliyekwisha kuruhusiwa kurudi nyumbani, apate nguvu. Alifika kabla ya mtu yeyote, jambo ambalo mchungaji alilitaja kwenye maombi. Alikuwa amejipigia pasi mwenyewe, na mgongoni shati lilikuwa na alama ya pasi, nzima, ya kahawia.

Tuliimba, tukaomba. Mama Mlango hakuonekana. Mchungaji alirefusha ile sala mpaka nasi tukafumbua macho kutazamana. Aliposema mwisho, nasi tukaitikia amina, mlango ukasogea. Alikuwa amekonda, ana fimbo mkono mmoja na binti yake mkono mwingine. Bwana Amina akaziba njia.

"Umechelewa," alisema.

"Nimechelewa, baba," alijibu Mama Mlango. Kisha akampa binti yake fimbo, akainua mkono, akampangusa unga begani. "Na shati hili nani amelichoma?"

Tulicheka mpaka mchungaji akashindwa kuendelea. Mama Mlango akageuka kwenda kuegemea mwimo wake, mahali pake pa siku zote. Bwana Amina akamzuia.

"Hapana, mama. Leo unakaa."

"Nakaa wapi? Mimi sina mahali."

Hakuna aliyetuambia. Mstaafu wa posta ndiye alianza, mtu ambaye hajawahi kumpisha hata askofu: alisogea kutoka dirishani mwake, akapigapiga mbao kwa kiganja. Benchi la kwanza likasogea, la tatu likasogea, chaki zikafutika kwa nguo zetu. Mama mkwe alinisukuma kwa kiuno mpaka nikakaribia kuanguka, akaonyesha nafasi kati yetu. "Njoo ukae hapa nikuone!" Kila benchi, mpaka la mwisho, lilikuwa na nafasi wazi, na penye kila nafasi mkono wa mtu ulikuwa ukipiga mbao.

Mama Mlango alisimama akatutazama wote, kidole chake kikitikisika kidogo, kama anatuhesabu upya. Machozi yalimwingia ndani ya barakoa, hakuyafuta. Mwishowe akaketi mwisho wa benchi la mwisho, mahali pa Bwana Amina.

"Hapa naona mlango," alisema.

Kanisa liko wazi sasa, lakini Benchi hatujaliacha. Hupita kila jioni, linaanza kwa mchungaji na kushuka mpaka nyuma, na Bwana Amina si wa mwisho tena. Ana mtu wa kumpigia. Jioni ile ya kwanza alichelewa, akasemwa.